Anayegeuza Msala wa Salha

Nyinyi watu hamna subira hata kidogo. Tangu nirudi, kila nikishuka kwenda kukaa nje ya duka la matairi hapa Darsait, Maskati, kama ilivyo ada yetu, kahawa haijanifika mdomoni mmoja keshaniuliza jini lilikuwa la namna gani. Mwengine kasikia nilikamatwa na askari. Mwengine, simtaji, kaenda mpaka Matrah kutangaza kwamba Salha kaletwa na kamba mikononi. Basi nimekaa mezani niandike mara moja, msome nyote, tumalize. Habari za viza na tiketi sizielezi, zilinichosha vya kutosha nilipokuwa nazifanya.

Kwa asiyejua: Salha ni mtoto wa dada yangu Zuwena. Aliolewa na Mbrazili aliyekuja kufanya kazi ya kreni bandarini Sohar. Kijana akasilimu, akaitwa Yusufu, na wallahi alikuwa mtu mzuri, mcheshi, mwenye Kiswahili cha kuombea chakula tu. Akamchukua mkewe kwao Rio de Janeiro, kwenye nyumba kongwe aliyoachiwa na bibi yake. Mwaka huu moyo ukamsimama kazini, akafa ghafla, jamaa wa msikitini wakamzika, na Salha akakaa eda ndani ya nyumba ya mumewe kama sharia inavyotaka. Sisi tukamlilia huku mbali. Lakini Zuwena kila akimaliza kuzungumza naye kwa simu hubaki ameduwaa. Siku moja akaniita kwake.

"Nassor," akanambia, "mwanangu hasemi Yusufu alikuwa. Anasema Yusufu hapendi chumvi. Yusufu leo kachelewa. Na anasema eda ikisha harudi. Nenda kanletee mwanangu."

Maskati mpaka Sao Paulo

Zuwena na magoti yake hawezi safari ndefu. Mimi nimestaafu kazi ya upimaji wa ardhi, mke wangu keshanichoka ndani ya nyumba, na mjomba ni maharimu. Sikuwa na udhuru. Dada akanijazia sanduku: halua, maji ya zamzam, mfuko wa ubani wa Dhofar, na papa mkavu aliyenuka hata dereva wa teksi akafungua madirisha yote bila ya kujali joto. Nikamwambia Zuwena kule kuna samaki. Akasema kuna samaki lakini hakuna papa wa mama.

Ndege ya pili ilikuwa ndefu mpaka nikasahau nilikuwa nakwenda wapi. Uwanjani Sao Paulo, papa wa mama akachukuliwa na afisa mwenye glavu, akatupwa kwenye pipa mbele ya macho yangu. Hilo nilistahamili. Kilichoniudhi ni ubani. Wakaumwaga mezani, wakautazama, wakaitana. Nikawekwa chumbani na kijana aliyeniuliza mambo kwa Kireno, mimi namjibu kwa Kiarabu na Kiingereza, kila mmoja anapandisha sauti kana kwamba mwenzake kiziwi. Akaja mkubwa wao, mzee mweusi, mrefu, akachukua punje moja akaipasha moto kwa kiberiti. Moshi ukamfika puani. Akaniangalia kwa muda, hakuangalia pasipoti, aliangalia uso wangu, kisha akaurudisha ubani wote mfukoni kwa mkono wake mwenyewe na kunifungulia mlango. Mpaka leo sijui alikumbuka nini.

Basi la Rio

Nje kulikuwa na ukungu. Ndege za Rio zimefutwa, wakatupeleka kituo cha mabasi. Basi langu likawa tayari, mimi nipo kwenye dirisha la kibanda nanunua maji, nikamfanyia dereva ishara ile yetu ya subiri kidogo, vidole vitano umekusanya ncha kwa juu. Kule, nimekuja kuambiwa baadae, ishara hiyo maana yake pamejaa, hapana nafasi. Dereva akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango, akaondoka. Nikabaki na sanduku langu na chupa yangu ya maji. Hasira nilizokuwa nazo siku ile ningeweza kulikimbiza mpaka Rio.

Basi lililofuata lilisimama njiani mahali pa kula. Nikaona sufuria la maharage meusi, harufu yake tamu, pembeni unga wa mhogo uliokaangwa. Nikasema alhamdulillahi, chakula cha watu. Nimekwisha kupakua ndipo nilipoona sikio la nguruwe linaelea. Nikaisukuma sahani mbali nikabaki na unga wa mhogo na ndizi. Mbele yangu akaja kukaa babu mmoja peke yake. Naye alikuwa anakula kwa mkono, anafinya tonge kwa vidole vitatu, analizungusha ubavuni mwa sahani kabla ya kulipeleka mdomoni. Uso ule naujua. Ulikuwa uso wa ami yangu Suleiman aliyefia Ng'ambo ya Unguja, mpaka kidoa cha chini ya jicho. Nikamtolea salamu kwa Kiswahili kabla sijajizuia. Akainua macho, akanijibu maneno marefu kwa Kireno, kwa upole, kama unavyomjibu mtu uliyemzoea. Kisha akanawa, akaondoka.

Basi zima lilikuwa hivyo. Sura za Malindi, sura za Kikwajuni, sura za Darsait, zimelala zimeegemea vioo, na hakuna hata moja inayojua neno langu. Nilijifunika shuka nikajifanya nami nimelala.

Nyumba ya Yusufu

Nyumba iko mtaa wa bandari ya zamani, nyembamba, ndefu, mlango unafunguka njiani, vyumba vinafuatana mpaka uani. Nilijitayarisha kumkuta Salha kakonda, macho yamevimba. Nikamkuta kanawiri. Kavaa nyeupe zake za eda, kapika wali wa nazi, na akanipokea kwa furaha mpaka nikaona haya kwa sura ya msiba niliyokuja nayo. Akatandika jamvi. Akatenga sahani tatu.

Nikamuuliza sahani ya tatu ya nani. Akanambia usijali, mjomba, kula. Nikala, lakini sikukijua chakula.

Baada ya kula nikataka kusali adhuhuri. Akanipeleka chumba cha nyuma kilichopakana na uwa, akanionesha msala umetandikwa kuelekea kona ya dirisha. Mimi mpimaji, sikuridhika mpaka nikatoa dira yangu. Alikuwa sawa: kutoka Rio, Makka iko mashariki, imepanda kidogo kuelekea kaskazini. Nikasali, nikauacha msala mahali pake, nikaenda kujinyoosha.

Nimerudi laasiri, nikaukuta umegeuzwa. Haukuvurugwa wala haukukunjwa. Umetandikwa vizuri, ncha zimenyooshwa, lakini unaelekea ukuta wa nyuma moja kwa moja. Nikadhani Salha kafagia. Nikamwita.

"Yusufu huyo," akasema, na akatabasamu. "Unajua hakuweza kukijua kibla hata siku moja. Kila nikimfundisha hugeuka upande wake. Tangu azikwe, kila siku nautandika huku, kila siku anaugeuza kule. Ndiyo maana sirudi Maskati, mjomba. Nimwache na nani?"

Ningependa kuwaambia nilisema neno la maana. Nilimuuliza maji ya udhu yako wapi. Na huku yeye ananitazama kwa furaha ya mtu aliyekwisha kukuonesha mtoto wake.

Siku ya pili nikaamua kumkomesha, kwani nilikuwa na yakini kwamba ni yeye mwenyewe anayegeuza bila ya kujijua. Baada ya adhuhuri nikautandika msala kwa mkono wangu, nikafunga dirisha na mlango wa uani, nikafunga mlango wa ndani, funguo mfukoni. Nikaweka kiti mlangoni nikakaa na gilasi ya chai. Salha alikuwa jikoni, namsikia anakata vitunguu. Nje watoto wa jirani wanapiga mpira. Jua kali, mchana mweupe. Chumbani sikusikia hata panya.

Laasiri nikafungua. Msala unaelekea ukuta wa nyuma.

Nikaisoma Ayatul Kursi mpaka koo likakauka. Nikanyunyiza zamzam kwenye pembe nne. Nikafukiza ubani wa Zuwena, na ule moshi, nyinyi mnajua ubani unavyopanda, haukupanda. Uliteremka, ukatambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango wa uani. Na kesho yake msala ukageuzwa vile vile. Nilikuwa naogopa, sioni haya kuandika. Lakini nilichokuwa nakiogopa zaidi ni Salha anayeimba jikoni. Eda ilikuwa imebakisha wiki mbili, tiketi yake ninayo, na binti huyu hatoki kwenye nyumba ile kwa sababu mumewe yumo ndani.

Mji chini ya mji

Sikuweza kukaa ndani kutwa. Jirani yetu Dona Lurdes, mama wa makamo aliyekuwa akishona nguo za kanivali, akawa ananitembeza sokoni. Tulizungumza kwa simu yake: yeye anasema Kireno, sauti ya mwanamke ndani ya simu inanitolea Kiarabu kikavu, kisha mimi naijibu. Aliniona naangalia angalia majengo akadhani napenda tarikhi. Basi akanisomesha mji wake, na mimi nikawa nasikiliza kwa sababu kusikiliza kulinizuia kufikiri juu ya chumba cha nyuma.

Wareno waliouasisi mji ule ni hao hao waliotujengea zile ngome mbili za Maskati. Kwetu waliondoshwa. Kule walikaa. Waliwakuta wenyeji wa ghuba wakawamaliza, wakapigana na Wafaransa, wakalima miwa, kisha dhahabu ikapatikana milimani na yote ikashukia pale bandarini. Mfalme wao mwenyewe alikimbia vita Ulaya akaja kukaa Rio na baraza lake zima. Dona Lurdes alidhani nitastaajabu. Nikamwambia na sisi sultani wetu alihama Maskati akakaa Unguja, kwa hivyo wafalme kuhama nnakujua.

Akanipeleka kwenye uwanja mmoja uliochimbwa wazi, kama kisima kikubwa cha mraba, pembeni majumba ya vioo na treni ndogo inapita kimya. Chini kuna mawe, mawe machafu tu ya kukanyagia, yameteremka kuelekea pahala palipokuwa bahari. Ni gati la watumwa. Hapo ndipo waliposhushwa, watu wengi mno. Baadae mfalme wa nchi alikuwa anapokea mchumba kutoka ng'ambo, wakaona aibu bibi arusi kukanyaga mawe yale, wakayafunika kwa mawe mazuri. Baadae tena watawala wakataka mji ufanane na Paris, wakabomoa nyumba za maskini, wakafukia vyote wakafanya bustani. Waliokuwa watumwa, walipoachwa huru bila ya kupewa hata jembe, wakapanda vilimani na huko ndiko waliko wajukuu zao. Makao makuu ya nchi yakahamishwa, bandari ikafa, mtaa ukaoza. Mpaka juzi juzi tu, mji ulipokuwa unajipamba kwa michezo ya dunia, mashine zikachimba na mawe yakatoka tena.

Nilisimama pale na jua la saa sita kichwani nikaona baridi ya miguu. Watu walikuwa wanapita, lakini nikaangalia vizuri: hakuna aliyekuwa anakata njia karibu na ukingo. Wote wanazunguka mbali bila ya kujua kama wanazunguka.

Dona Lurdes akaniuliza sisi asili yetu wapi. Nikasema Oman, lakini tumezaliwa Unguja. Akasema, kutoka pwani yenu waliletwa pia, meli zilizunguka chini ya Afrika yote, na huku wote waliitwa Wamsumbiji hata wasiokuwa wa Msumbiji. Kisha ile sauti ya simu, haina hasira wala huruma, ikaniuliza kwa Kiarabu: nani aliwauza?

Nikasema Wareno. Dona Lurdes akaningojea. Nikasema na wengineo. Akaendelea kuningojea, simu kainyoosha mbele ya mdomo wangu.

"Na sisi," nikasema.

Simu ikamtolea. Akaitia mkobani, akanishika mkono, tukaenda kununua ndizi.

Uani

Mvua ikanyesha mfululizo. Asubuhi moja sakafu ya uani ikatitia, shimo la ukubwa wa meza, na maji machafu yanarudi jikoni. Nikawaita mafundi wa bomba. Hawakuchimba sana. Fundi wa kwanza akatoka shimoni, akavua kofia, akajifanyia ishara ya msalaba.

Kule kuna sheria: ukikuta mifupa mtaa ule, husogezi kitu, unaita serikali. Akaja mama mmoja mtaalamu wa mambo ya kale na wasaidizi wake, anajua Kiingereza, mtu mstaarabu. Akanieleza kwamba mtaa mzima una makaburi ya waliofika wagonjwa kutoka melini wakafa kabla ya kuuzwa. Hawakuzikwa, walitupwa. Maiti juu ya maiti, wakichomwa ili nafasi ipatikane, na juu yao takataka za mji. Nyumba zikajengwa baadae, watu wakazaa na kulea watoto juu yao. Alisema hayo kwa sauti ndogo, na Salha yuko dirishani na mtandio wake mweupe anasikiliza.

Waliposafisha ukingo wa shimo, yule mama akaniita niangalie. Chini ya mchanganyiko wote kulikuwa na mmoja mzima. Hakutupwa. Kalazwa ubavu wa kulia, miguu imenyooshwa, na nyuma ya mgongo wake pamepangwa magae ya vyungu asije akapinduka. Mtaalamu akasema mtu fulani alishuka humu ndani, katika uoza huu, akamlaza mwenzake kwa mikono yake. Nikamuuliza kama yule alikuwa Muislamu. Akatikisa kichwa. Walifikiri hivyo kwanza, akasema, lakini wamepima, na uso hauelekei Makka.

Nikatoa dira. Uso ulielekea ukuta wa nyuma. Ulielekea kaskazini, sawa sawa.

Jamani, nilikaa chini pale kwenye matope. Kwa sababu nilimkumbuka marehemu mama yetu alipofika Maskati baada ya Mapinduzi. Siku ya kwanza alitandika msala wake akaelekea baharini, kaskazini, akasali, na sisi watoto tukamcheka, kwani Makka kutoka Maskati ni magharibi. Kwao Unguja Makka ni kaskazini. Maisha yake yote alisali kaskazini, wazee wake wote wamelazwa wanatazama kaskazini, pwani yote ya kwetu hivyo hivyo, na mwili wake ulikwisha kujua. Wiki nzima alikuwa akijisahau. Mtu wa kutoka Afrika ya magharibi angefanya kosa jengine. Mzaliwa wa Rio aliyesilimu ukubwani hana sababu ya kufanya kosa lolote maalumu. Kosa hili ni la mtu wa pwani yetu tu, kaletwa upande wa pili wa dunia, hajui bahari imemzungusha vipi, na bado anageuka kule kule alikofundishwa na mama yake.

Kwa hivyo anayegeuza msala si Yusufu.

Nilijua hapo hapo, na nikatamani nisijue. Nililizungukia jambo hilo siku nzima. Nikimwambia Salha, ndiyo dawa yake, atatoka. Lakini nikimwambia, namuua mumewe mara ya pili, na safari hii kwa ulimi wangu. Nikisema ninyamaze, eda itakwisha na yeye atabaki pale anatenga sahani mpaka azeeke. Nilimpigia simu Zuwena kumuomba shauri nikaishia kumuuliza hali ya magoti. Hatimae nikaingia chumba cha nyuma, Salha kakaa karibu na msala uliogeuzwa, nikamweleza yote. Habari ya mama, ya kibla cha kwetu, ya magae nyuma ya mgongo.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ukawa unazima kidogo kidogo.

"Unaninyang'anya, mjomba," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akainuka, nikadhani anakwenda kujifungia. Akatoka uani, akasimama ukingoni mwa shimo. Mafundi na wasaidizi wakampisha. Alimtazama yule aliyelazwa, halafu akaitazama ile mifupa mengine iliyochanganyika juu yake.

"Na aliyemlaza huyu," akauliza, "yeye alilazwa na nani?"

Akachutama. Akawatolea salamu ya wafu kama tunavyowatolea makaburini, kisha akasema nao kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, vile anavyozungumza mtu na mkubwa wake wa nyumbani.

"Babu, umefika mbali. Kwetu kibla kaskazini, lakini huku siko. Huku ni upande ule, wa dirisha. Hukukosa wewe, ni wao waliokuzungusha. Sasa unajua."

Tukasimama pale pale uani, mimi mbele yeye nyuma yangu, tukawasalia wote, aliyelazwa na waliotupwa. Sikuwa na fatwa wala sikuitafuta. Yule mtaalamu alivua kofia yake ya plastiki akangoja. Nilipotoa salamu nikageuza uso, na upepo ulikuwa umekatika, hakuna jani lililotikisika, na mtaa mzima hausikiki hata gari moja.

Salha akaingia ndani, akautandika msala kuelekea dirishani. Akakaa mbele yake kitako, akauangalia. Adhuhuri ikapita. Nikamletea chai, haikunywewa. Laasiri ikaingia, tukasali, akarudi kukaa. Msala haukutikisika. Alikuwa anaungoja, nyinyi, kwa macho ya mtu aliyekaa mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Magharibi ilipoadhiniwa kwenye simu yangu, msala ulikuwa pale pale alipouweka, unatazama Makka.

"Basi Yusufu kafa," akasema.

Na hapo ndipo alipolia. Alilia kilio ambacho sisi huku tulikilia siku ile ya habari, na yeye hakukilia. Nilimshika mpaka Dona Lurdes akaja akanipokea.

Kurudi

Eda ilipokwisha alioga, akavaa nguo ya rangi, tukaenda kwenye kaburi la Yusufu. Alikaa huko peke yake, mimi nikangoja getini. Nyumba imebaki mikononi mwa wale wataalamu kwa sasa, na ufunguo uko kwa Dona Lurdes. Safari hii ukungu haukutuzuia, wala sikumfanyia dereva yeyote ishara ya mkono. Ndegeni Salha alikuja kula siku ya pili. Alimkataa samaki, akasema hana chumvi, akakumbuka ladha ya nani hiyo, akaufunika uso kwa blanketi mpaka Maskati.

Yuko kwa mama yake, Zuwena hamwachi hata akienda kuchota maji ya kunywa. Nasikia mnataka kuja, na wake zenu wameshapanga siku, na kila mmoja ana suala lake la jini. Njooni, lakini masuala yaacheni kwenye matairi. Mpeni pole ya mume, kama mnavyowapa wafiwa wa jana, na mkae naye, na mumletee chakula. Sisi tumemzika Yusufu zamani. Yeye mumewe amekufa juzi.